Mavuno ya Mgawa Maji

Ilikuwa saa sita na dakika ishirini mchana, Jumapili ya mavuno, mnadi wa kanisa alipomkabidhi jogoo mnunuzi wake, akafuta mikono kwenye suruali, kisha akainua juu ya kichwa picha iliyochorwa kwenye gunia. Nina hakika na saa hiyo. Mchungaji alikuwa amenipa saa yake niiangalie ili mnada usivuke saa nane, kwa kuwa wengi walitoka mbali, wengine Vudee, na walitaka kufika kwao kabla ukungu haujafunga njia.

“Haya, jamani, shamba zima hili!” mnadi alisema. “Halipaliliwi, haliingiliwi na nyani, halidai maji. Nani ananipa shilingi mbili?”

Watu walicheka. Mtu mmoja tu hakucheka, naye ndiye aliyeichora. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa kanisa, kofia mkononi, akiitazama picha ile kama mtu anayemwona mtoto wake juu ya paa la nyumba.

Sisi tulimwita Mgawa Maji. Sitaandika alizaliwa lini wala ni wa ukoo gani. Hayo wanayajua wa ukoo wake, na hayasaidii kumweleza. Nitaandika niliyoyaona na niliyoyasikia, kwa kuwa shamba langu na lake yalitenganishwa na mfereji mmoja, nami siku za kazi nilikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli mjini Same, ambako mambo yake yaliishia. Yote yalitokea miaka ya mwisho ya Mwingereza.

Kazi yake ilikuwa kugawa maji ya ndiva. Huku kwetu kijito ni chembamba na mashamba ni mengi, kwa hiyo wazee wetu walijenga ndiva, bwawa la mawe na udongo linalojaa usiku kucha. Asubuhi linazibuliwa, na maji yanateremka kwa mfereji hadi kwa yule ambaye zamu yake imefika. Anayesimama pale kwenye tundu ndiye mwenye kauli. Alikuwa na ufito wa mti mgumu, amechonga alama ubavuni. Aliutumbukiza ndani ya maji, akasoma alama, akazibua. Maji yalipofika alama ya pili aliziba kwa udongo na majani ya mgomba, hata kama mwenye zamu alikuwa bado analia kwamba pembe moja ya shamba haijalowa.

“Maji hayana shemeji,” alikuwa akisema.

Na kwa yule aliyezidisha kulalamika: “Anayelia leo alicheka jana zamu ya mwenzake.”

Siku moja mbuzi wake mwenyewe alikatika kamba, akaingia mferejini, akabomoa ukingo, na maji ya zamu ya jirani yakamwagikia bondeni. Faini ya kosa hilo ilikuwa nusu debe la maharage. Jioni watu walipokutana kwa ajili ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji, yeye alifika na nusu debe begani, akaliweka katikati.

Mama Namkunda, jirani yetu ambaye ulimi wake haukuwahi kulala, aliuliza, “Mzee, na mbuzi naye umemsomea shitaka?”

“Mbuzi hana kosa. Kamba ilikuwa mbovu, na kamba ni yangu.”

“Basi tuilete kamba, nayo ijitetee!”

Tulicheka mpaka majembe yakatuanguka. Yeye alisubiri tumalize, akauliza ni nani wa kuyapokea maharage.

Hata hivyo haikuwa rahisi kumchukia. Alikunyima maji asubuhi, jioni ulimkuta mlangoni kwako na mkungu wa ndizi kutoka shambani kwake, hasemi neno ila, “Watoto wale.” Chake alikigawa ovyo. Cha watu wote hakukigawa hata tone nje ya zamu. Mama Namkunda alisema kwamba kumtukana mtu yule ni hasara, maana ukimtukana asubuhi, jioni inabidi urudishe tusi lako ndani.

Lazima nimtaje mke wake hapa, kwa kuwa bila yeye picha ile ni rangi tu.

Mke wake alikuwa na shamba lake upande wa chini, mahindi na maharage pamoja, na shamba hilo lilikuwa na zamu yake, Alhamisi. Mwaka mmoja mvua za vuli hazikuja. Ndiva ilikuwa ikijaa hadi nusu, na siku nyingine hata nusu haikufika. Jumatatu moja mwanamke yule alipanda hadi kwenye tundu, tukiwa watu kadhaa tunasubiri. Alikuwa na kikapu kitupu mkononi na kitambaa cha buluu kichwani.

“Baba,” alimwambia mumewe, “nisaidie maji kidogo leo. Maharage yamo katika maua.”

“Zamu yako Alhamisi.”

“Alhamisi utakuwa unamwagilia kuni.”

“Basi nitazimwagilia. Leo ni siku ya huyu.” Akamwonyesha mzee mmoja mlemavu wa mguu, ambaye alikuwa tayari kusema, achukue tu, mama, achukue. Mgawa Maji hakumpa nafasi ya kusema.

Mkewe alimtazama kidogo. Kisha akasema, “Haya, Mgawa Maji.” Hakuwa amewahi kumwita hivyo, hilo lilikuwa jina letu sisi wengine. Akageuka, akainua kikapu akakiweka kichwani, akateremka.

Maharage yalikauka. Mahindi yalisimama bila mbegu. Mwanamke yule alifanya kama wanawake wengi wa mlimani walivyofanya mwaka ule: aliteremka tambarare, upande wa Lembeni, akavuna mashamba ya watu kwa malipo ya nafaka. Sisi watu wa juu hatuna kinga dhidi ya homa ya kule chini. Alirudi na mzigo wa mahindi ambao hata haukujaa kikapu, akalala, na hakuamka tena kufanya kazi. Tulimzika mvua zilipoanza.

Mgawa Maji hakulilima tena shamba lile. Lakini kila Alhamisi alizibua ndiva, akayaacha maji yateremke hadi kwenye shamba lile lililojaa magugu, yakanyweshe magugu, mpaka alama ya pili ya ufito. Kisha akaziba. Vijana walinung’unika. Mtu mzima mmoja alimfuata akamwambia kwa adabu kwamba maji yale yangemfaa mwenye mahindi.

“Ni zamu yake,” alijibu.

Hakuna aliyemwuliza tena. Hayo yaliendelea miaka yote niliyomfahamu.

Sasa kuhusu rangi. Ujana wake alikuwa amefanya kazi ya kupaka rangi mabehewa ya reli na vibao vya stesheni, na aliporudi mlimani alirudi na brashi mbili na jicho la rangi. Brashi zilikwisha manyoya, hakununua nyingine. Alichora kwa vidole, kwa gunzi la hindi, kwa kipande cha gome la mgomba kilichotafunwa ncha. Turubai yake ilikuwa gunia la katani lililopasuliwa, akalikaza kwenye fremu ya miti, akalipaka uji wa muhogo uliochanganywa na chokaa, akaliacha likauke juani. Nyekundu aliitoa kwenye udongo wa njia ya kwenda kanisani. Nyeusi ilikuwa masizi. Njano ilikuwa bizari ya manjano aliyonunua kwa Mhindi wa Same, na buluu ilikuwa ile ya dobi, ya kufulia mashuka. Vyote alivisaga kwenye jiwe moja na kuvikoroga na mafuta.

Mtu ambaye angemjua pale kwenye ndiva tu asingeamini alivyochora. Kwenye maji alikuwa kama mzani. Mbele ya gunia alikuwa kama mtu anayezima moto, au anayeuwasha. Alipiga rangi kwa kiganja. Alikwaruza kwa kucha mpaka nyuzi za katani zikaonekana. Alikuwa akiguna, na mara nyingine aliimba kwa Chasu, lugha yetu Wapare, kwa sauti ya chini, yeye ambaye kanisani hakufungua mdomo hata katika wimbo wa Krismasi.

Alichora vitu vingi, na vingi aliviacha vikaliwa na mchwa. Picha moja tu aliitunza ndani, ikitazama ukutani. Niliiona mara ya kwanza nilipokwenda kumrudishia patasi.

Ilikuwa na upana wa mlango. Ilionyesha shamba la mteremko siku ya mavuno, na mteremko ulikuwa mkali mno, kana kwamba mavuno yote yangemwagika nje ya fremu yakakuangukia miguuni. Mabua ya mahindi yalikuwa mekundu na rangi ya kaa la moto, yote yamelala upande mmoja. Anga haikuwa ya buluu. Ilikuwa ya manjano mazito, ya kulemea. Marundo ya mahindi yalikuwa makubwa kuliko watu. Watu wenyewe walikuwa mistari ya masizi, wameinama, huwezi kumtambua hata mmoja. Aliyesimama wima alikuwa mwanamke mmoja tu, chini kwenye kona, kitambaa cha buluu kichwani, mikono juu, akijitwika kikapu kilichojaa. Alikuwa ametupa mgongo.

Nilitambua shamba. Nililiona kila siku ng’ambo ya mfereji wangu. Nilijua pia kwamba mavuno kama yale hayakuwahi kuonekana pale, si mwaka ule, si mwaka mwingine wowote.

“Mzee,” nilimwambia, “mahindi yetu huwa mekundu hivi?”

“Wewe umewahi kuyatazama ukiwa na njaa?”

“Nimewahi.”

“Hujawahi. Ungejua.”

Nikamwuliza kwa nini mama hana uso.

“Kwa sababu hakugeuka,” alisema, akaipindua picha ikatazama ukuta.

Hakuwa na picha nyingine ya mkewe. Mpiga picha wa Same alikuwa akitoza pesa, na nani wakati ule mlimani alimpiga mkewe picha? Baada ya miaka kadhaa alikuja kuniambia kwamba uso ulikuwa umeshamtoka akilini, hata akijitahidi. Kilichobaki ni mgongo, na jinsi viwiko vilivyokaa akinyanyua kikapu. “Hivyo vimo mle ndani,” alisema, akimaanisha gunia. “Nikisahau naenda nakumbushwa.”

Sasa nirudi kwenye Jumapili ile.

Desturi ya kanisa letu ni kwamba siku ya mavuno kila nyumba inaleta malimbuko: maharage, ndizi, mayai, miwa, hata ndoo ya maziwa. Vinawekwa mbele ya madhabahu, vinaombewa, kisha vinatolewa nje na kunadiwa, na fedha inakuwa ya kanisa. Kilichoombewa hakirudi nyumbani. Ukikipenda, unakinunua kama mtu mwingine yeyote, hata kama ni kuku wako uliyemlea mwenyewe. Na mnada wetu una furaha yake. Watu hupandisha bei kwa kutaniana. Mtu akishika boga lake, jirani humpandishia makusudi ili alipe zaidi, na wote hushangilia, kwa kuwa anayepata hasara anapata baraka.

Mwaka ule mchungaji alitangaza, wiki mbili mfululizo, kwamba kila nyumba ilete malimbuko ya kila shamba lake, asifiche mtu. Alikuwa anawalenga wenye vishamba vya pembeni. Lakini Mgawa Maji alilichukua neno kama lilivyosemwa. Yeye alikuwa na mashamba mawili.

Nilimkuta mlangoni mwa kanisa asubuhi, mkungu wa ndizi begani na kitu kipana kimefungwa kaniki kwapani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

“Na hicho?”

“Cha shamba la chini. Halina kitu kingine. Nataka nalo liombewe mara moja, kisha narudi nacho nyumbani.”

Akaingia, akaifungua kaniki, akaiegemeza picha kwenye kizuizi cha madhabahu, kati ya mafungu ya miwa na kapu la mayai. Wanawake waliokaa mbele waliinua shingo kuitazama. Mama Namkunda alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Maombi yalifanyika. Kisha vijana wa kwaya walibeba vitu vyote nje bila kuchagua, kama walivyofanya kila mwaka, na picha ikatoka pamoja na miwa.

Mnadi alipoinua gunia lile, mtu wa kwanza kujibu alikuwa mwenye hoteli wa Same. Alizaliwa mlimani kwetu, lakini aliteremka kijana, akauza chumvi na viberiti Lembeni, halafu akafungua hoteli ya chai karibu na stesheni ya Same. Alikuwa mchangamfu, na alirudi kila mavuno kununua vitu kwa bei kubwa ili watu wajue mambo yake ni mazuri. Hakumjua marehemu.

“Tatu!” alisema. “Ukuta wangu uko mtupu, jamani.”

“Nne,” alisema Mgawa Maji.

Watu wakapiga makofi. “Mwenye shamba hataki kuliachia! Mpandishie!”

“Sita!”

“Saba.”

Niliacha saa, nikaenda kwa mchungaji, nikamweleza. Yeye alikuwa mgeni kwetu, mwaka wake wa pili tu. Alishtuka, akapita katikati ya watu, akamshika mnadi mkono.

“Mzee,” alisema, “naambiwa hukukusudia hii iwe sadaka. Kama ndivyo, sema tu, uichukue. Hakuna atakayekulaumu.”

Mgawa Maji alitazama watu. Nadhani hapakuwa na nyumba hata moja pale ambayo hakuwahi kuizibia maji.

“Niliiweka mbele ya madhabahu kwa mikono yangu,” alisema. “Hakuna aliyenishika mkono. Ukinirudishia mimi, huyu naye atataka mayai yake, na yule jogoo wake. Endelea, mnadi.”

“Lakini mzee…”

“Endelea. Saba ni yangu.”

Mnadi aliendelea, sauti imepungua kidogo. Mwenye hoteli hakusikia yaliyosemwa. Alikuwa nyuma kabisa, anacheka na rafiki zake. Alisikia tu kwamba mzee amegoma, na kwake huo ulikuwa mchezo wa mavuno kama mchezo mwingine.

“Kumi!”

“Kumi na moja.”

“Kumi na tatu, mzee wangu, na leo utatoa jasho!”

“Kumi na tano,” alisema Mgawa Maji. Hizo ndizo zote alizokuwa nazo, fedha ya maharage ya msimu mzima. Aliweka mkono kwenye mfuko wa koti akauacha humo.

“Ishirini na mbili!” alisema mwenye hoteli, na wenzake wakamwinua juu.

Mama Namkunda alipiga kelele, “Mwacheni! Jamani, mwacheni, nyie hamwoni?” Lakini kwaya ilikuwa imeshaanza wimbo, na mnadi alikuwa ameshapiga kengele mara tatu.

Mwenye hoteli alipoelezwa, baada ya wimbo, alijishika kichwa. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee, picha mikononi.

“Baba yangu, nisamehe. Chukua. Mimi fedha nimetoa kwa Mungu, chukua picha yako.”

“Umeinunua kwa Mungu,” alisema Mgawa Maji. “Mimi si dalali wake.”

“Basi inunue kwangu! Senti kumi, yatosha.”

“Uliinunua ishirini na mbili.”

“Basi ishirini na mbili. Siku yoyote. Itakusubiri, mzee, haki ya Mungu itakusubiri.”

“Nitaleta,” alisema, akavaa kofia, akashika njia ya nyumbani.

Kwake ishirini na mbili hazikuwa fedha ndogo. Kugawa maji hakulipwi ila kwa kikapu cha nafaka hapa na pale, na nusu ya nafaka hiyo alikuwa akiitoa mwenyewe kwenye milango ya watu. Kodi ilikuwa palepale kila mwaka. Zile kumi na tano zilikwenda kwenye kodi. Akaanza upya.

Kipindi chote hicho nilikuwa nikimwona Same. Alikuwa akiteremka siku za soko, na njia ile ya kuteremka na kupanda si ya mchezo kwa magoti ya mzee. Aliingia hotelini, akaagiza chai, akakaa kwenye benchi linalotazamana na picha. Mwenye hoteli alijaribu mara kadhaa kumpa bure, akashindwa. Picha ilining’inia juu ya meza ya maandazi, karibu na jiko la mkaa. Moshi ulianza kuila. Manjano ya anga yaligeuka kahawia, nzi wakaweka madoa. Yeye hakulalamika. Alikunywa taratibu mpaka chai ikapoa, na macho yake yalikuwa chini kwenye kona, siku zote kwenye kona ile moja.

Wasafiri wanaosubiri treni nao waliitazama. Wengi walicheka hayo mahindi mekundu. Nakumbuka karani mmoja wa reli aliyesimama mbele yake mkate mkononi, kisha akasema kwa sauti ya kushangaa, “Huyu aliyechora hii alikuwa na jambo.” Mzee alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwake. Hakugeuka.

Mara ya mwisho nilipozungumza naye ilikuwa asubuhi ya soko. Alipitia kibandani kwangu kabla ya kwenda hotelini, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Macho yake yalikuwa yameanza kuwa na utando. Ufito wa ndiva alikuwa ameshamkabidhi mtu mwingine. Alivaa koti lile la kanisani.

“Una nafasi?” aliniuliza. “Nataka unisaidie kubeba. Peke yangu upepo utaniangusha nayo.”

Nilielewa. Niliacha gurudumu juu ya meza, nikamfuata.

Mwenye hoteli alituona tangu mlangoni, akatoka nyuma ya kaunta mikono wazi. “Mzee wangu! Leo umekuja siku yake. Nilitaka kukutumia salamu. Kaa, kaa. Usitazame kwanza!”

Alimwongoza mpaka kwenye benchi, akamkalisha, akamwekea kikombe cha chai. “Haya, tazama sasa.”

Picha ilikuwa imesafishwa. Ilikuwa pia imepakwa upya, kwa rangi ya dukani inayong’aa. Anga ilikuwa buluu. Mahindi yalikuwa kijani, yamesimama wima kwa mistari. Wale watu wa masizi walikuwa wamevishwa mashati. Na kwenye kona yule mwanamke alikuwa amegeuzwa. Alitutazama. Alikuwa na uso wa mviringo, nyusi zilizochorwa kwa ufundi, meno meupe, na badala ya kikapu alishika kikombe kinachotoa moshi.

“Moshi ulikuwa unaimaliza,” mwenye hoteli alisema. “Nikaona aibu. Mali ya mzee inaharibika ukutani kwangu! Nikamwita fundi wa vibao, yuleyule aliyeniandikia jina la hoteli. Nikamwambia, huyu ni mke wa mzee mmoja ninayemheshimu, hana uso, mpe uso mzuri. Na sikudai kitu, mzee. Bei ni ileile. Uso ni zawadi yangu.”

Mgawa Maji aliinama mbele, akafinya macho. Alitazama muda mrefu. Mwenye hoteli alisubiri, akitabasamu, kisha tabasamu likaanza kumtoka.

“Hakufanana?” aliuliza polepole. “Mzee, hakufanana? Tunaweza kumwita fundi arekebishe. Wewe umweleze tu alivyokuwa.”

“Nimweleze nini,” alisema mzee. Haikuwa hasira. “Ni mzuri huyu. Fundi wako anajua kazi. Lakini siye niliyemnyima maji.”

Mwenye hoteli alinitazama mimi. Alianza kulia, mtu mzima yule, mbele ya wateja wake, na mzee ndiye aliyempapasa mkono akimwambia, “Basi, mwanangu. Ulitaka vizuri. Basi.” Kisha akanywa chai yote, kwa kuwa ilikuwa imeshamiminwa, na akalipa.

Nilimsindikiza mpaka njia inapoanza kupanda. Nilimwambia achore nyingine. Mimi ningemletea gunia, ningemsagia rangi, ningemshikia fremu.

“Ile niliichora nikiwa bado namwona mgongo,” alisema. “Jana nilikuwa bado namwona. Sasa nikifumba macho anakuja huyu wa kikombe. Anacheka.”

Alijaribu kufumba macho pale njiani, nikamwona anajaribu. Akayafumbua.

Nikasema tunaweza kukaa kidogo, apumzike. Akakataa, alisema ni Alhamisi, na yule kijana aliyepokea ufito hashiki zamu sawasawa. Kabla hatujaachana alitoa kitambaa kilichofungwa fundo, akaniomba nimhakikishie kilichomo, kwa sababu macho yake hayatofautishi tena sarafu, na asingependa kumpunja mtu huko aendako. Nilikaa juu ya jiwe nikahesabu mara mbili, nikamfungia, nikamrudishia mkononi. Alikuwa ameteremka na shilingi ishirini na mbili. Chai ilikuwa senti kumi. Alipanda mlimani na shilingi ishirini na moja na senti tisini.